Wingi wa kura, duru ya pili au kura ya kupanga: kanuni ipi ya kumpata gavana?

Mwaka 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu ya Nairobi kwa takriban asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kwa jumla yao walipata zaidi ya asilimia 60, lakini kila mmoja alikuwa na fungu lake. Nilikuwa kijana Mombasa. Nakumbuka wazee barazani wakijumlisha namba zile zile kila jioni, kama vile zikijumlishwa mara nyingi vya kutosha zitatoa jibu jingine.

Sikutegemea kuikuta hesabu hiyo tena hapa jimboni Maine, Marekani, kwenye theluji. Novemba 2010 Paul LePage wa Republican alichaguliwa gavana kwa asilimia 37.6. Mgombea binafsi Eliot Cutler alimfuata kwa 35.9, na Libby Mitchell wa Democratic akabaki na kama 19. Pengo kati ya wawili wa juu halikufika asilimia 2, na zile 19 za Mitchell zilikuwa zimelala tu, hazina wa kuulizwa. Mwaka 2014 LePage akapita tena kwa 48, Cutler akiwa katikati kwa mara nyingine.

Watu wa Maine wakaamua kubadilisha kanuni. Wakaibadilisha nusu, kwa sababu nitakazozieleza. Leo mpiga kura wa Lewiston anaingia kituoni siku moja na kutumia kanuni mbili: kwa seneta na mbunge wa Washington, yaani wa bunge la taifa, anapanga wagombea kwa namba, lakini gavana anamchagua kwa alama moja kama alivyofanya babu wa babu yake Mmarekani. Swali la kuipeleka kura ya kupanga hadi kwa gavana na bunge la jimbo limeulizwa Maine, limejibiwa Alaska, na limekataliwa kwengine kwingi. Sisi tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Kenya na kula kiapo cha uraia hapa tutaulizwa pia. Basi tuziweke kanuni hizi bega kwa bega.

(Jambo moja kabla hatujaendelea, maana limewahi kuwaponza watu: mwenye kibali cha ukaazi tu, au mwenye kesi ya hifadhi, asijiandikishe kupiga kura hata akiambiwa na nani. Haya ni ya raia.)

Zinavyofanya kazi

Wingi wa kura ndio tunaoujua wengi wetu. Unaweka alama moja. Mwenye nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata kama ni theluthi. Ndivyo Tanzania inavyompata rais tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2000, na ndivyo Kongo inavyofanya tangu marekebisho ya Januari 2011. Ndiyo maana matokeo rasmi ya Kongo ya 2018, yaliyobishaniwa sana, yaliweza kumtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38 na kitu bila kuitwa uchaguzi wa pili. Majimbo mengi ya Marekani yanawapata magavana wao kwa kanuni hii.

Duru ya pili inadai zaidi ya nusu. Asipopatikana mwenye nusu, wawili wa juu wanarudi uwanjani. Kongo walifanya hivyo 2006, Kabila na Bemba. Katiba ya Kenya ya 2010 inaidai pia, na kuongeza asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mtakumbuka 2013 nchi nzima ilivyobishania ile 0.07 iliyomvusha Uhuru Kenyatta juu ya 50. Huku Marekani, Georgia ndiyo mfano mkubwa.

Kura ya kupanga nayo inataka nusu, ila haikurudishi kituoni. Unampa wa kwanza namba 1, wa pili namba 2, na kuendelea kadiri unavyotaka. Wakihesabu namba 1 zote na mtu amevuka nusu, kazi imekwisha hapo hapo. Asipovuka, wa mwisho anaondolewa, na kila karatasi iliyompa yeye namba 1 inahamia kwa aliyeandikwa wa pili. Wanarudia hivyo mpaka mmoja avuke nusu ya karatasi zilizobaki. Maneno hayo ya mwisho, “zilizobaki”, yashikeni. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Maine 2018: mfano mmoja kwa marefu

Kura ya kupanga ilipitishwa Maine kwa kura ya wananchi Novemba 2016, kwa asilimia 52. Bunge la jimbo likaisogeza mbele mwaka uliofuata, wananchi wakakusanya sahihi, na Juni 2018 wakaitetea tena kwa karibu asilimia 54. Siku hiyo hiyo ndipo ilipotumika kwa mara ya kwanza kwenye mchujo wa vyama. Democratic walikuwa na wagombea saba wa ugavana, na Janet Mills akaibuka baada ya mizunguko minne. Republican hawakuihitaji: Shawn Moody alivuka nusu mara moja.

Mtihani wenyewe ulikuja Novemba, kwenye wilaya ya pili ya bunge la Washington, ambayo ndiyo wilaya yetu huku Lewiston. Bruce Poliquin, mbunge aliyekuwepo, aliongoza kwa namba 1: asilimia 46.3 dhidi ya 45.6 za Jared Golden. Tofauti ilikuwa kura 2,000 na ushei. Wagombea binafsi wawili, Tiffany Bond na Will Hoar, walikuwa na zaidi ya kura 23,000 kati yao. Walipoondolewa, zaidi ya 10,000 zilimwendea Golden, chini ya 5,000 zikamwendea Poliquin, na zaidi ya 8,000 hazikwenda popote kwa sababu wenyewe hawakumpanga yeyote kati ya wawili waliobaki. Golden akashinda kwa 50.6 dhidi ya 49.4. Poliquin akaenda mahakamani, na Desemba jaji wa shirikisho akaitupilia mbali kesi yake.

Ukitaka kuijua kura ya kupanga kwa uzuri na ubaya wake, huo ndio uchaguzi wa kuusoma. Mtu aliyempenda Bond hakulazimika kuchagua kati ya moyo wake na hofu yake. Alimpa Bond namba 1, kisha akasema pia nani anamvumilia. Lakini zile 8,000 ni karatasi zilizokwama njiani. Wapinzani husema mshindi hakupata nusu ya wote waliokwenda kituoni, na kwa hesabu ni kweli: kura zote za mwanzo zilikuwa karibu 290,000, na Golden alimaliza na kama 142,000. Nusu aliyoipata ni ya waliobaki mezani.

Mimi hoja hiyo hainikoseshi usingizi. Aliyeacha nafasi wazi alijua anaacha, au alipaswa kuelezwa vizuri zaidi na karani wake. Kwenye wingi wa kura, wale 23,000 wote wangekuwa wamekwama, na zaidi ya hayo mtu asingewahesabu kwa jina hilo. Kwenye duru ya pili wangekwama wale wasiorudi, na hao huwa wengi kuliko 8,000.

Safari ya pili ya kituoni

Hapo tuiangalie Georgia. Mwaka 2008 kiti cha seneta kilikosa mwenye nusu Novemba, watu kama milioni 3.7 wakiwa wamepiga kura. Duru ya pili ya Desemba walijitokeza milioni 2.1. Hao milioni moja na nusu hawakuhama nchi. Walikuwa kazini, wamechoka, au hawakusikia kwamba kuna siku nyingine. Mtu wa zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo ananielewa.

Si kila mara hali huwa hivyo. Januari 2021 macho ya dunia nzima yalikuwa Georgia, na duru ya pili iliyowaingiza Jon Ossoff na Raphael Warnock ilivuta watu milioni 4.5, karibu wote waliopiga Novemba. Desemba 2022 Warnock alirudi tena dhidi ya Herschel Walker baada ya wote wawili kukosa nusu, watu milioni 3.5 wakajitokeza kutoka milioni 3.9. Kwa hiyo anayetetea duru ya pili ana la kusema: wiki za kampeni kati ya watu wawili tu humfanya mpiga kura awasikilize tena, bila kelele za wengine. Anachagua akijua hasa nani yuko mbele yake. Kwenye kura ya kupanga unamkadiria atakayebaki kabla hajabaki.

Faida hiyo naiona. Ila naitazama pamoja na historia ya kanuni yenyewe. Georgia waliweka sharti la nusu mwaka 1964, miaka ambayo Weusi walianza kuwa na nguvu kwenye daftari la wapiga kura, na mwanasiasa aliyeisukuma sheria alikiri baadaye kwamba ubaguzi ulikuwemo katika nia yake. Mpaka leo gharama ya kurudi kituoni mara ya pili inamwangukia zaidi asiye na gari na asiye na likizo.

Na kuna kitu kidogo ambacho huwa nakitoa mfukoni mtu anaponiambia kura ya kupanga ni ngumu mno kwa watu wa kawaida. Sheria ya Georgia ya 2021 ilifupisha muda wa duru ya pili kutoka wiki tisa hadi nne. Muda ukawa hautoshi kutuma karatasi mpya kwa askari na raia walio ng’ambo. Wakafanyaje? Wakawapa watu hao karatasi ya kupanga kwa namba. Yaani askari wa Georgia aliye kambini ng’ambo anapanga wagombea, na mama yake aliye Atlanta anarudi kupanga foleni.

Alaska, ambako gavana naye yumo

Maine imeishia kwa wabunge wa Washington, urais na mchujo. Alaska wamekwenda mbali zaidi: tangu 2022 gavana, bunge la jimbo na viti vya Washington vyote vinakwenda kwa kura ya kupanga. Wananchi waliipitisha Novemba 2020 kwa asilimia 50.55, yaani kwa kuponea tundu la sindano.

Lakini Alaska hawakununua kitu kimoja, walinunua kifurushi. Pamoja na kura ya kupanga waliondoa mchujo wa vyama na kuweka mchujo mmoja wa wazi, ambamo wagombea wote wa vyama vyote wanaingia na wanne wa juu wanapita. Mchujo wa kwanza wa aina hiyo, Juni 2022, wa kujaza kiti cha marehemu Don Young, mbunge wa Washington, ulikuwa na wagombea 48. Mmoja wao aliitwa Santa Claus, diwani wa mji wa North Pole. Si mzaha, ndilo jina lake kisheria.

Agosti, baada ya mmoja wa wale wanne kujitoa, walibaki watatu. Mary Peltola wa Democratic alipata asilimia 40, Sarah Palin wa Republican 31, Nick Begich wa Republican 28 na nusu. Begich akaondolewa. Nusu ya kura zake zilikwenda kwa Palin, karibu asilimia 29 zikavuka chama na kwenda kwa Peltola, na nyingine kama 21 zikakwama. Peltola akashinda kwa 51.5. Republican wakasema wameibiwa na kanuni: wao kwa pamoja walikuwa asilimia 60, imekuwaje Democratic achukue kiti?

Rekodi za karatasi zote zilipochapishwa, waliozipekua waligundua jambo linalouma zaidi. Begich, aliyetoka wa tatu, angemshinda Peltola wakiwekwa wawili, na angemshinda Palin vile vile. Alikuwa namba 2 ya watu wengi na namba 1 ya wachache, na kura ya kupanga inaanza kwa kuhesabu namba 1. Wafuasi wa Palin waliomwandika Begich wa pili, hiyo namba 2 yao haikuangaliwa kabisa, kwa sababu Palin hakuondolewa. Burlington, Vermont, waliona kisa kama hicho kwenye umeya wa 2009 wakaifuta kanuni mwaka uliofuata. Baadaye waliirudisha kwa madiwani.

Huu ni udhaifu wa kweli, na anayeuza kura ya kupanga bila kuutaja anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Anayesema kwamba humfikisha mgombea wa katikati kila mara hasemi kweli. Anamfikisha kama ana wafuasi wake wa kutosha wa kuvuka mizunguko ya mwanzo.

Hata hivyo chukueni kura zile zile za Agosti mzipitishe kwenye kanuni nyingine. Kwa wingi wa kura: Peltola, kwa 40. Kwa duru ya pili: Begich wa tatu anatoka vile vile, wanabaki Peltola na Palin, na tumeshaona wawili hao wakipimwa inakuwaje. Kanuni zote tatu zinamtoa Begich. Kilichowaumiza Republican ni kuingia wawili wanaotukanana mpaka wafuasi wa mmoja wakakataa kumwandika mwingine. Miaka miwili baadaye Begich alibaki peke yake kama Republican mwenye uzito, akamshinda Peltola kwa kanuni ile ile.

Gavana je? Novemba 2022 Mike Dunleavy wa Republican alipata asilimia 50.3 ya namba 1, na mizunguko haikuhitajika. Nalisema hili kwa sababu watu huogopa kama vile kila uchaguzi utakuwa na mizunguko kumi. Seneta Susan Collins naye, Maine 2020, alivuka nusu moja kwa moja. Mara nyingi kanuni hii hulala tu kabatini, inaamka panapokuwa na mgawanyiko.

Novemba 2024 Alaska waliulizwa kama waifute. Ilibaki kwa tofauti isiyofika kura 1,000 kati ya zaidi ya 320,000. Mwaka huo huo Oregon, Colorado, Nevada na Idaho walipelekewa mapendekezo ya kuanza na wote wakakataa, Idaho kwa karibu asilimia 70. Missouri waliipiga marufuku kabisa kwenye katiba, kama Florida na Tennessee walivyofanya kwa sheria 2022. Ni Washington, mji mkuu, ulioikubali kwa wingi mkubwa. Nevada inafundisha: 2022 waliikubali, sheria yao ikataka waulizwe mara ya pili, na mara ya pili wakageuka. Pendekezo la Nevada, kama la Colorado na Idaho, lilikuwa kifurushi pamoja na mchujo wa wazi, na vyama vyote viwili huwa havipendi kunyang’anywa mchujo wao. Naamini kura ya kupanga ilibeba mzigo usio wake, ingawa Oregon, ambako haikufungwa na kifurushi hicho, ilianguka pia. Sitajidanganya kwamba tatizo ni kifurushi tu.

Kwa nini Maine gavana aliachwa nje

Hapa kuna neno moja la katiba. Katiba ya Maine inasema gavana na wabunge wa jimbo wanachaguliwa kwa wingi wa kura. Mei 2017 majaji wa mahakama kuu ya jimbo walitoa maoni ya ushauri, wote kwa sauti moja, kwamba kura ya kupanga inagongana na neno hilo: baada ya hesabu ya kwanza tayari kuna mwenye wingi, huwezi kuendelea kuhesabu. Ndiyo maana chaguzi za ugavana za 2018 na 2022 zilifuata kanuni ya zamani. Kwa wabunge wa Washington katiba ya jimbo haina sharti hilo, ndiyo maana huko iliruhusiwa.

Neno lenyewe halikuingia kwa bahati mbaya. Zamani Maine ilidai nusu kwa gavana, na asipopatikana bunge ndilo lilimchagua. Uchaguzi wa 1879 haukutoa mwenye nusu, matokeo yakachakachuliwa, kila upande ukadai bunge ni lake, na watu wenye silaha wakajaa Augusta, mji mkuu wa jimbo. Joshua Chamberlain, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliitwa Januari 1880 kulinda jengo la serikali kwa siku kumi na mbili mpaka majaji waamue. Mwaka huo huo wakaandika “wingi wa kura” kwa gavana, ili kusiwe na nafasi ya wanasiasa kuingiza mkono kati ya kura na mshindi. Sisi tunaotoka nchi ambazo matokeo hukawia na usiku ukawa mrefu hatuhitaji kufafanuliwa hofu hiyo.

Kwa hiyo Maine kuna swali la ziada ambalo Alaska hakuna: kubadilisha katiba kunataka theluthi mbili za kila baraza la bunge la jimbo, kisha kura ya wananchi. Sheria ya kawaida inaweza kupita na bado ikakutana na majaji.

Na kusema kweli wingi wa kura Maine haukutoa LePage peke yake. Mwaka 1994 Angus King, mgombea binafsi, alikuwa gavana kwa asilimia 35, akiwapita Joe Brennan wa Democratic na Susan Collins (ndiyo, huyo huyo seneta) aliyekuwa wa tatu. Katika chaguzi kumi na moja za ugavana kuanzia 1974 hadi 2014, tisa mshindi hakufika nusu. Jimbo hili linapenda wagombea binafsi. Wengine watakwambia wingi wa kura ndio ulimfungulia King mlango. Mimi nasema wapiga kura wa Collins wasingepata shida kumwandika King wa pili, lakini hilo haliwezi kuthibitishwa tena.

Kusubiri na kuamini

Kwa wingi wa kura unalala ukijua. Kwa kura ya kupanga Maine ya 2018 ilichukua siku tisa, kwa sababu karatasi au nakala zake zilisafirishwa kutoka miji yote mpaka Augusta. Alaska wanasubiri siku 15 kabla ya kuendesha mizunguko, ili kura za posta kutoka mbali zifike. Jiji la New York, kwenye mchujo wa umeya wa 2021, walichapisha kwa makosa hesabu iliyochanganywa na kura 135,000 za majaribio, wakaaibika. Duru ya pili nayo ina wiki nne za kusubiri, lakini ni kusubiri kwa kampeni. Watu hawakuiti kusubiri.

Hapa wingi wa kura unashinda, nami sina la kubisha. Mahali ambapo watu hawaamini wanaohesabu, kila siku ya ziada ni kuni kwenye moto.

Kampeni nazo hubadilika. Juni 2025, kwenye mchujo wa Democratic wa umeya wa New York, Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala, na Brad Lander waliwaambia wafuasi wao waandikiane: nipe mimi namba 1, mpe yeye namba 2. Mamdani aliongoza kwa karibu 44 mzunguko wa kwanza na kumaliza na 56 dhidi ya Andrew Cuomo. Mgombea kumpigia debe mpinzani wake siku chache kabla ya uchaguzi! Kwa wingi wa kura huo ungekuwa uwendawazimu. Na ilipofika Novemba, New York walirudi kwenye alama moja, kwani kura ya kupanga kwao ni ya mchujo wa vyama na chaguzi ndogo tu.

Nani achague ipi

Kama jimbo lako lina vyama viwili tu vyenye uzito na mgombea binafsi hutokea mara moja kwa muongo, sioni haja ya kuvunja nyumba. Wingi wa kura utakupa jibu lile lile usiku ule ule.

Kama jimbo lako kila mara lina wagombea watatu au wanne wa maana, kama Maine, ningechukua kura ya kupanga kabla ya duru ya pili. Duru ya pili inaniuliza swali zuri, lakini inaniuliza siku ya kazi, mwezi wa baridi. Na ningeichukua bila kifurushi: kwanza kura ya kupanga kwa gavana, suala la mchujo lije na karatasi yake. Alaska wana watu wachache na vyama visivyobana sana, ndiyo maana kifurushi kimewashika, na hata kwao ni kwa uzi.

Kama unachohofia zaidi ni vurugu baada ya kura, wingi wa kura au duru ya pili vina faida ya kueleweka na mtu yeyote aliyesimama nje ya kituo. Bibi yangu angeelewa namba 1 na namba 2, hesabu za sokoni zilikuwa ngumu kuliko hizo. Mizunguko kumi ya kompyuta Augusta angeitilia shaka.

Mtu akikusimamisha nje ya duka na karatasi ya sahihi ya kura ya kupanga, muulize mambo matatu kabla ya kalamu kugusa karatasi. Je, inagusa gavana, au wabunge wa Washington tu? Ndani yake mna mchujo wa wazi? Na katiba ya jimbo inaruhusu, au tunakusanya sahihi za kwenda mahakamani?

Ukifika kituoni Maine wakati wa kupanga: huhitaji kuwapanga wote, na kumwandika mtu wa pili hakumpunguzii wa kwanza chochote. Kumpa mtu mmoja namba zote hakumwongezei. Na usiruke nafasi mbili mfululizo, kwa mfano kujaza ya kwanza na ya nne ukaacha mbili za katikati. Wakifika hapo karatasi yako inakwama. Mzee mmoja wa Uvira ninayempa usafiri siku za uchaguzi alinyamaza nilipomaliza kumweleza hayo, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo, mwanangu, yule nisiyemtaka kabisa nimpe namba ya mwisho?” Nikamwambia, “Hapana, mzee. Huyo usimpe namba yoyote.”